Mrejesho: shore wawili wa Jozani kwenye picha

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza namna ya kutenganisha, kwa picha tu, shore wawili (ndege) wa kijani wa msitu wa Jozani, Unguja: Andropadus importunus na Eurillas virens.

Kilichofaa zaidi ni ule ushauri wa kuanza na jicho, manyoya yaje baadaye. Importunus aliyekomaa ana jicho jeupe la krimu, mboni nyeusi katikati, na weupe huo huonekana hata picha ikiwa na ukungu. Virens jicho lake ni kahawia iliyokoza. Kwa mbali ni kitone cheusi tu. Miguu nayo inasaidia: ya virens ina umanjano, ya mwenzake kijivu. Ukubwa nimeachana nao, bila kitu cha kulinganishia hausemi lolote.

Kupiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) na kurekebisha rangi kompyutani kumesaidia nusu. Chini ya miti ya mitondoo mwanga huchujwa na majani, hata tumbo la kijivu likawa kijani. Hilo hurekebishika. Picha iliyopigwa ndege akiwa na mbingu nyuma yake, hapana: jicho limezama kizani na hakuna programu ya kulitoa.

Palipokwama kabisa ni kwa makinda ya importunus, kwani jicho lao bado halijapauka. Hao nimewaandika "shore, aina bado". Aliyeshauri kuchukua video fupi ili sauti ipatikane alisema kweli, ila kinda mwenyewe mara nyingi kimya.