Ejenti wa AI anabuni majina ya tebo, maelezo ya zana niandikeje?

Wakuu, nina ejenti anasoma databesi ya Postgres, nimempa zana mbili (fankisheni anazoweza kuita), orodhesha_tebo na eleza_tebo, ila kila mara anaita eleza_tebo na jina la kubuni afu anakwama. Maelezo nimeandika "inaeleza tebo" basi. Niongeze nini?

Jibu: Maelezo hayo hata mimi yangenipoteza 😂 Mwambie aitumie lini: "Ita orodhesha_tebo kwanza. Jina liwe na skima (kundi la tebo) mbele, mfano mauzo.oda. Inarudisha kolamu, aina na funguo, hairudishi data." Na eror isiseme tu "haipo", impe majina yanayokaribiana ajirekebishe mwenyewe.

Jibu: Databesi yenyewe je? Kolamu inaitwa hali, ndani 0, 1, 2, nani atajua? Weka COMMENT ON COLUMN mauzo.oda.hali IS '0 inasubiri, 1 imelipwa, 2 imefutwa'. Zana iivute komenti hiyo kwa fankisheni ya col_description, pg_dump (ya kubakapu databesi) nayo inazibeba komenti so ukihama seva unahama nazo.

Jibu: Kuandika "ya kusoma tu" kwenye maelezo hakumzuii kufuta kitu bana, mpe yuza wa databesi mwenye GRANT SELECT (ruhusa ya kusoma) pekee.

Muulizaji: Ya eror ndo ilikuwa inanimaliza, naibadilisha leo. MySQL je?

Jibu: Komenti inakaa ndani ya CREATE au ALTER TABLE, ila ukipiga MODIFY kubadilisha kolamu, andika komenti tena, la sivyo inapotea.