Wauguzi wa hapa, nyinyi The Pitt mnaimaliza?

NesiWaChake
Assalaam alaykum. Suali langu ni kwa mnaofanya kazi wodini, Unguja na Pemba. Mie niko upande wa dharura. Mdogo wangu kanitilia The Pitt kwenye flashi, ile tamthilia ya chumba cha dharura ya Noah Wyle, yule aliyekuwa Dk. Carter katika tamthilia ya ER tangu 1994. Msimu wa kwanza una sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu moja, tangu saa moja asubuhi. Hospitali yao iko Pittsburgh, Marekani, vifaa vyao sisi twaviona kwenye picha tu. Lakini nikiangalia, mabega yanakaza kama niko kazini.

Damu hainishughulishi. Kinachonishika ni wagonjwa kusubiri saa na saa kwa kuwa vitanda vya wodi za juu vimejaa, na Dana, nesi msimamizi, kutwangwa ngumi ya uso na mgonjwa aliyechoka kungoja, kisha akarudi kazini. Hilo nalijua. Usiku mmoja tulimpoteza mtoto, homa kali na degedege. Mama yake bado kamshika mguu, kanga imelowa maji ya kumpangusia, mie nishaitwa kitanda cha pili, mzazi anatoka damu. Nikabadilisha glavu, nikenda. Sikulia siku ile wala baadaye. Nimekuja kumlilia Dk. Robby, daktari mkuu anayechezwa na Wyle, pale alipovunjika moyo akaketi chini katika chumba cha watoto walichokigeuza pa kuweka maiti.

Wenzangu, mkiangalia mnapumua, au mnajiongezea mzigo?

TabibuMjini
Pole sana dada. Mie niliiacha katikati. Ni kweli mno, hata muziki karibu hawakutia, unasikia mashine na watu wanavyoitana. Nikitoka zamu ya usiku nataka chai na usingizi.

Ila nawapongeza kwa jambo moja. Tamthilia nyingi mstari wa moyo kwenye mashine ukinyooka tu, yaani moyo umesimama, mgonjwa anapigwa shoti ya umeme akazinduka. Mstari ulionyooka haupigwi shoti, ni kukandamiza kifua na dawa ya adrenalini. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha katika New England Journal of Medicine hesabu ya ER na vipindi vingine viwili: robo tatu ya waliokandamizwa kifua walizinduka. Hospitali za kweli hazifiki huko hata kidogo. Jamaa wa mgonjwa anakuja na picha ile kichwani, ukiacha kukandamiza anaona umemwua baba yake. Ukali ule wote unamwangukia nesi.

BiMkubwaWete
Mwanangu, mie nishastaafu. Iangalie, lakini usiangalie peke yako usiku. Wale wenyewe mwisho wa msimu wanakaa bustanini pamoja kabla hawajaenda makwao. Sisi zamani akifa mtoto, msimamizi wetu hakutuachia kuondoka hivi hivi. Tulikaa ukumbini nyuma ya wodi, chai ya tangawizi, kila mtu aseme alichokiona. Anayetaka kulia alie. Siku hizi mnakabidhiana daftari mnakimbilia gari. Yule mama wa mtoto, ulipata kumzungumza na mtu?

NesiWaChake
Sijapata, bi mkubwa. Hapa ndiyo mwanzo. Keshokutwa naingia asubuhi pamoja na mwenzangu tuliyekuwa naye usiku ule, naye hajawahi kulitaja. Nitamwambia tusipande gari ya mwanzo.