Ukaguzi wa huduma za wazee nyumbani: kampuni ipewe taarifa au mkaguzi atokee tu?

Mleta mada:
Wakuu, hizi kampuni za kuleta mhudumu wa kumwangalia mgonjwa nyumbani zinazidi kuonekana hapa Dodoma. Watoto wako kazini Mtumba tangu asubuhi, mama kapata kiharusi kalala Ilazo ndani ya geti, analetwa dada wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha, mwisho wa mwezi mnalipa. Sasa mkaguzi wa serikali akija akague nini? Mi nasema aanzie kitandani kwa mgonjwa, ofisini aende baadaye, na kampuni isijue siku.

Baba yangu mdogo alilala muda mrefu baada ya kuanguka. Kampuni tuliyoipa kazi siitaji, ila kaunta buku lao lilikuwa safi balaa, kila baada ya masaa mawili imeandikwa amegeuzwa, amegeuzwa, mpaka saa 8 usiku amegeuzwa, wakati huyo dada anaondoka saa 12 jioni! Tulipomfunua, kisigino na nyonga vimeshachimbika vidonda vya kulalia. Mkaguzi akikaa ofisini na lile buku si atawapa maksi zote?

England wana tume yao ya kukagua huduma za afya na matunzo, Care Quality Commission, ilianza kazi 2009, inawapa watoa huduma madaraja manne na ripoti zinawekwa wazi kila mtu asome. Hilo la kuweka wazi hata kesho lije kwetu. Ila kwa huduma za nyumbani kawaida wanatoa taarifa fupi kabla, maana meneja anaweza asiwepo ofisini, halafu wanapigia simu wagonjwa na ndugu, nyumbani wanaenda wakikubaliwa. Haya, mtu kiharusi kimemchukua kauli, unampigia akwambie nini?

Mama Ipagala:
Pole sana kwa baba mdogo. Ila nyumba ya mtu sio wodi jamani. Mama mkwe wangu ni mtu wa stara, hata sisi wakwe hataki tuwepo akibadilishwa pampasi, leo aje mwanaume na faili lake amfunue? Hapana. Aulizwe mwenyewe, akikataa mkaguzi arudi alikotoka.

Wa Kongwa:
Mnaongelea kampuni za mjini, huku kwetu mzee anaangaliwa na binti aliyetafutwa kijiji cha pili, analipwa kwa simu basi. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina leseni za wauguzi na wakunga, huyu binti hana leseni ya kunyang'anywa, utamkagua kwa lipi? Kazi ya kukagua wapewe wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nyumba wanazijua zote.

Muuguzi mstaafu:
Wa Kongwa, mwanangu, hapo nakupinga. Mhudumu wa jamii anaishi pale pale, kesho anakuta anayemkagua ni binti wa shangazi yake. Atoe taarifa, sawa, ila mkaguzi atoke halmashauri. Na msiisifie England mkaishia katikati, 2024 Dkt Penny Dash, aliyepewa kazi na serikali yao, aliichunguza hiyo tume akakuta kuna watoa huduma hawajarudiwa kukaguliwa miaka kadhaa. Daraja la zamani namna hiyo linamsaidia nini mtu anayemtafutia mama yake mhudumu leo? Mi ningeanza kuuliza wakaguzi tunao wangapi na usafiri wa kufika Bahi wanao.

Mleta mada:
Mama Ipagala nakubali, mgonjwa aulizwe, na mwanamke akaguliwe na mwanamke mwenzake. Ila ruhusa iombwe kwa mgonjwa na ndugu zake moja kwa moja, isipitie kwenye kampuni, maana wakishajua tu siku hiyo shuka mpya, dawa zimepangwa, na anatumwa yule dada mzuri kuliko wote. Asiyeweza kusema, ndugu asimame hapo wakati anaangaliwa mgongo.

Mama Ipagala:
Na ndugu akiwa ndo tatizo? Mtaani kwetu kuna bibi, uji anaokunywa ananunuliwa na mhudumu kwa hela yake, na watoto wapo wanapita na magari.

Mleta mada:
Basi mkaguzi azungumze na mhudumu peke yake, bosi asiwepo, ndugu wasiwepo. Na mhudumu awe na namba ya kupiga siku yoyote bila kuogopa kufukuzwa, maana saivi akisema tu kibarua kimeota nyasi.