Picha ya dhahania iliyotokana na boro ya Kijapani: mbona naona nguo tu?

Mchoraji wa Likoni
Assalaam aleikum. Nachora picha za dhahania nikiongozwa na boro, yaani zile nguo za wakulima wa kaskazini mwa Japani, ambako pamba haikustawi kwa sababu ya baridi, hivyo kila kipande kikatunzwa, kikatiwa kiraka juu ya kiraka na kupigwa bandi mpaka nguo ikawa nzito. Kanvasi yangu ya karibuni nimeijaza viraka vya buluu, kisha nikavipitishia vistari vyeupe mfano wa mishono, lakini kila nikiitazama naona nguo iliyotundikwa ukutani, siioni picha. Nimekosea wapi?

Binti Kibokoni
Wa aleikum salaam. Kaka, umechukua sura ya boro ukaiacha kazi yake. Mishono ile ilishikamanisha matabaka ili nguo itie joto, ilhali vistari vyako havishiki chochote. Tafuta kaniki kuukuu, ubandike vipande kwenye kanvasi na uvishone kwa uzi, ndipo upake rangi, kwa maana pale uzi unapovuta, kitambaa hujikunja na brashi huruka. Tena nili, ile rangi ya buluu ya boro, haikolei kwa mara moja: kitambaa hutoka pipani kikiwa na ukijani, hugeuka buluu kikipigwa na hewa, na huchovywa tena na tena. Nawe punguza rangi yako ya akriliki kwa maji, upake tabaka baada ya tabaka.

Fundi wa Makadara
Mimi naona tatizo liko kwenye weupe. Katika katazome, ufundi wa Kijapani wa kutia vitambaa nakshi, fundi hupaka uji mzito wa mchele wa kunata kupitia karatasi iliyotobolewa nakshi, hutia rangi, na akiosha, palipofunikwa hubaki weupe wa kitambaa chenyewe. Weupe huo umeachwa, haukupakwa. Nafasi iliyoachwa hivyo, ikafanya kazi sawa na kilichochorwa, Wajapani huiita *ma*. Nenda Barabara ya Biashara hapa Mombasa utazame leso ambayo mji wake, yaani sehemu ya katikati, umeachwa wazi, uone pindo linavyopata nguvu kwa ule utupu. Wewe hukuacha hata shubiri moja.

Mchoraji wa Likoni
Ahsanteni sana. Jana nimedondosha nta ya mshumaa kwenye kanvasi mpya ili niache weupe, nikapaka buluu nyepesi mara tano, kisha nikaiyeyusha nta kwa pasi juu ya karatasi. Pembeni mwa kila tone pamebaki ukingo wa buluu iliyokolea, mwembamba kama uzi, ambao mkono wangu usingeweza kuuchora. Sasa naanza kushona.