Mliocheza badminton enzi za pointi 15, tupeane uzoefu

KinyoyaChaKale: Wakuu, salaam. Vijana ninaowafundisha jioni hawaniamini nikisema zamani ungeweza kushinda mpira mtamu kuliko yote na usipate kitu. Mpaka 2006, pointi alipata mwenye sevu tu, yaani anayepiga mpigo wa kuanzisha. Asiye na sevu akishinda mpira anachukua sevu, ubao unabaki palepale. Wanaume hadi 15, wanawake wakicheza mmoja mmoja hadi 11. Sasa ni 21 kwa wote na kila mpira una pointi. Kwangu mimi, subira iliishia hapo. Leteni yenu.

MamaRaketi: Wawili wawili ndiyo ilikuwa shughuli! Kila upande una sevu mbili: mmoja akipoteza anapiga mwenzake, ndipo wapinzani wanachukua. Mimi na mume wangu tuliwahi kuongoza 14–3 kwenye ukumbi wa kanisa. Pointi moja tu, haiji. Sevu tunapewa, tunanyang'anywa. Mlinzi kaanza kuzima taa za nyuma, wale mabwana wametufikia, 14–14. Aliyetangulia kufika 14 ndiye anayechagua kuongeza hadi 17, tukachagua kwa madaha. Wakatufunga 17–14. Nyumbani hatukuongea hadi chai ya asubuhi.

Dogo_Smashi: Shikamoo wazee. Subira gani hiyo? Fainali ya dunia 1997 kule Glasgow, Peter Rasmussen wa Denmark na Sun Jun wa China walipigana dakika 124. Halafu mwaka uliotangulia, Ra Kyung-min wa Korea Kusini alimmaliza Julia Mann wa Uingereza kwa dakika 6. Nani atapanga ratiba ya televisheni hapo? Mimi nimecheza hadi 29–29, maana mkikabana seti hupita 21, mpira mmoja unaamua. Mkono ulitetemeka nikashindwa hata kushika kinyoya, kile tunachopiga kwa raketi, vizuri. Msituambie sisi hatuna presha.

Jirani_Kampala: Marahaba, dogo. Mimi nakumbuka ugomvi wa kiuno. Kabla ya 2018 ilibidi kwenye sevu kinyoya kipigwe chini ya kiuno, yaani chini ya ubavu wa mwisho wa mpiga sevu. Sasa, ubavu wa nani unaonekana? Klabuni kwetu kulikuwa na jamaa mrefu, fulana yake imefika mapajani. Siku moja mwamuzi akashuka kitini, akambonyeza mbavuni mbele ya watu: "Hapa!" Ukumbi mzima kicheko. Siku hizi ni mita 1.15 kutoka chini, mfupi na mrefu sawa. Sisi wafupi tumepona.

KinyoyaChaKale: Jirani umeniua, hahaha. Dogo, marahaba, lakini jiandae: wakubwa wa mchezo hawatulii. Pendekezo la seti tano za pointi 11 lilikosa theluthi mbili ya kura 2018, likarudi 2021, likakwama tena. MamaRaketi, ile 14–3 mzee naye anaisimulia hivyohivyo?

MamaRaketi: Yeye husema tulikuwa 14–9.