MJADALA: Dalali wa nyumba abaki na mtaa wake, au afanye kazi mji mzima?

Mleta mada: Wadau, nazungumzia Dar es Salaam. Nilipohamia Sinza, chumba kilitafutwa kijiweni. Unakuta kibao kimepigiliwa kwenye mti, kimeandikwa DALALI na namba ya simu. Dalali wa Sinza hakuingia Mwananyamala kienyeji. Akipata mteja wa huko alimkabidhi kwa mwenzake, wakagawana. Mipaka haikuandikwa popote, ila kila dalali aliijua.

Leo haipo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Luis 2021, wapangaji wakasambaa na madalali nyuma yao. Simu ndiyo ikamaliza kabisa. Mtu yuko Tabata, anatangaza nyumba ya Goba asiyowahi kuiona, picha kazitoa kwenye grupu la WhatsApp.

Mimi nililipa hela ya kuonyeshwa mara mbili kwa chumba kimoja: kwa aliyenipigia, kisha kwa dalali mwenyeji aliyetufungulia geti. Masika yalipoanza, maji yakafika kwenye godoro. Jirani akaniambia kile chumba hujaa kila mvua kubwa. Nikampigia dalali, hapatikani. Wa kijiweni angelijua bonde lile, na kesho yake ningemkuta palepale.

Nasema dalali aandikishwe serikali ya mtaa anakofanyia kazi, na asivuke.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana mkuu, lakini umesahau ukali wa vijiwe. Nilianza udalali Kijitonyama nikiwa mgeni, nikaambiwa mtaa una wenyewe, nitoe kiingilio. Mwenye nyumba naye alibanwa: kijiwe kikiweka cha juu, yaani nyongeza yao juu ya kodi aliyotaja, ampe nani mwingine? Simu imetupa riziki sisi tusio na kijiwe, na dada zetu ambao hawakuwahi kukaribishwa pale.

Mchangiaji wa pili: Mnamsahau mpangaji. Anadaiwa kodi ya miezi sita, halafu ya mwezi mmoja kwa dalali. Madalali wakiwa watatu kwenye mnyororo, hela hiyo haiwatoshi, ndipo cha juu kinapopanda. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984. Inamsajili mtu mwenyewe, haimfungi mtaani. Akikosea anajulikana.

Mleta mada: La kiingilio limenigusa, sikuwahi kulifikiria. Basi la kutovuka naliondoa. Ila mawili siyaachii. Dalali asipokee hata shilingi kwa chumba ambacho hajaingia kwa miguu yake, na hela ya kuonyeshwa ilipwe mara moja tu, wagawane wenyewe huko. Kama mnyororo una watu watatu, hilo si deni la mpangaji. Mlio kwenye kazi hii, mnaweza kuishi kwa utaratibu huo?