Maluach kutoka Duke baada ya mwaka mmoja: alikuwa ameiva kweli?

Mdau_wa_Goli
Wadau habari za jioni, naomba tujadili hili bila ushabiki. Khaman Maluach, dogo wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe kule Uganda, kakaa chuo cha Duke Marekani msimu mmoja tu akaingia drafti ya 2025 (pale timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zinapochagua vijana), akachukuliwa namba 10, haki zake zikaishia timu ya Phoenix. Futi 7 na inchi 2, drafti ilimkuta na miaka 18, na kikapu kaanza kukishika akiwa na miaka 13 hivi. Mi naingiwa na hofu kwa sababu namkumbuka Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania, namba 2 drafti ya 2009, mbele ya Harden na Curry waliokuja kuwa mastaa, af msimu huohuo timu yake Memphis wakamshusha ligi ya chini. Na ye alikaa chuo cha UConn miaka mitatu! Sasa mnaangalia nini kwa senta mbichi (yule mrefu wa chini ya kikapu) mpaka mseme huyu yuko tayari?

Senta_wa_Temeke
Kaka miaka haisemi kitu. Thabeet msimu wake wa mwisho chuo alikuwa na bloku (kuzuia mitupo) 4 na ushee kwa mechi, watu wakaziona hizo wakasahau miguu. Mechi na chuo cha Pittsburgh Februari 2009 ilionyesha kila kitu, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mtu wa futi 6 na inchi 7, alimsukuma atakavyo akaondoka na pointi 22 na ribaundi (mipira ya kurudi) 23. Mi naangalia kiuno na mikono. Akipewa pasi ya chini kwenye msongamano anaidaka au inamponyoka? Akishadaka anaushusha mpira kiunoni wadogo waupokonye, au anaubakisha juu? Urefu hauwezi kukuficha NBA, kule wote warefu.

dada_ribaundi
Naongezea fritoo (mitupo huru ya faulo), hiyo ndo inaniambia mkono wa mtu unafundishika. Maluach Duke alipiga zaidi ya asilimia 76, kwa senta anayeishi kwa danki hiyo ni kubwa sana. Lakini tusijidanganye, nusu fainali ya vyuo na chuo cha Houston alicheza dakika 21 bila ribaundi hata moja, yaani sifuri, na mechi ile Duke walikuwa wanaongoza wakaipoteza mwishoni. Houston ni watu wazima wenye miili, na ligi ya kulipwa ndo hivyo kila usiku. Mi ningependa angebaki mwaka mmoja zaidi.

Mwanakikapu_KLA
Dada nakuelewa ila angebaki afanye nini? NCAA (michezo ya vyuo Marekani) mazoezi yana kikomo cha saa 20 kwa wiki, kwa mtu aliyechelewa kuanza ni kidogo mno. Na hizi hela za matangazo wanazopata wachezaji wa chuo, mwanafunzi wa kigeni viza ya masomo inambana asizipate kirahisi, wakati ukichukuliwa raundi ya kwanza ya drafti miaka miwili una uhakika wa mshahara hata ukikaa benchi. Af huyu mtoto tofauti na Thabeet alishapigana vikumbo na watu wazima kabla ya chuo, sisi huku Kampala tulimuona na timu yetu City Oilers kwenye BAL 2024 (ligi ya klabu za Afrika), halafu Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Swali langu mi ni anaenda wapi. Phoenix usiku uleule wa drafti walimchukua Mark Williams, senta aliyekomaa, kwa hiyo dogo hatupiwi mzigo wote siku ya kwanza. Namba 2 huwa hasubiriwi, timu na mashabiki wanataka matunda sasa hivi.

Mdau_wa_Goli
Hapo kwenye kusubiriwa umenigusa, Thabeet hadi 2012 alikuwa ashapita timu za NBA za Houston na Portland akatua Oklahoma. Basi kwa Maluach msimu wake wa kwanza sihesabu pointi kabisa, naangalia faulo, akivutwa hadi pembeni kwenye skrini (mpinzani akimkinga mwenzake) anarudi chini ya kikapu bila kumvamia mtu? @Senta_wa_Temeke hilo la kutoshusha mpira mnawafundishaje vijana, maana kwetu kuna mmoja wa futi 6 na inchi 10 kila akidaka anadundisha kwanza.

Senta_wa_Temeke
Mkataze kudunda kabisa mazoezini, adake, kidevuni, ageuke, apande. Na mpe mtu mfupi mkorofi wa kumpokonya kila mpira.